Kuwa Nacho

Sentensi ilikatika kabla haijafika kwenye kitenzi. Sikudhani alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha mama yake, akimsomea kwa sauti kama alivyofanya kila alasiri, na neno la mwisho alilolitamka lilikuwa "mto". Mto ulifanya nini? Alikitazama kioo cha kusomea kilichokuwa mapajani mwake. Kilikuwa cheupe. Herufi hazikufutika, ziliondoka moja baada ya nyingine, kama watu wanaotoka ibadani bila kusukumana, na mahali pake yakabaki maneno mawili yaliyoandikwa kwa adabu kubwa: Ruhusa imekwisha.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza Bi Mwanamvua.

"Kitabu kimeondoka, Mama."

"Kitabu gani?"

"Chako. Kile ulichokiandika wewe."

Mama yake akacheka, kicheko chepesi ambacho Sikudhani hakuwa amewahi kukisikia. "Mimi? Mimi nimewahi kuandika nini zaidi ya orodha ya sokoni?"

Mji huo haukuwa na jina, au ulikuwa nalo na ruhusa yake ikaisha. Vitabu vyake vyote vilikaa mahali pamoja palipoitwa Ghala, na wakazi walivitazama kupitia vioo vyao, kama mtu anavyoutazama mwezi bila kujiuliza ni wa nani. Hata saa zilitoka huko. Kulikuwa na siku ambazo jua lilisimama saa kumi alasiri na kukaa hapo, likisubiri idhini ya kushuka, na watu wakala chakula cha mchana mara mbili bila kushangaa. Na kitabu kilipoondolewa Ghalani, kiliondolewa pia ndani ya wale waliokisoma kwenye kioo. Kwanza zilikwenda sentensi, kisha majina ya watu, kisha sababu ya kulia. Mwishowe msomaji alibaki na ladha fulani mdomoni, kama aliyeamka na kujua kwamba ameota lakini hajui ameota nini. Watu walikuwa wameizoea hali hiyo. Waliiita kupumzika.

Sikudhani hakutaka kupumzika. Aliichukua kalamu na daftari lake la kazi, maana kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta na mawazo yake aliyaanzia kwenye karatasi siku zote, akaandika haraka kabla hajachelewa: Kitabu kinaitwa Mwaka wa Maji. Mama amekiandika. Ndani yake yumo Kidawa, dada yangu, aliyefariki kabla sijazaliwa. Alikuwa na miaka minne. Mto ulipanda, mama alikuwa ng'ambo. Hapakuwa na picha ya Kidawa, wala kaburi, kwa kuwa maji hayakumrudisha. Mahali pekee alipokuwa akiishi ni katika kurasa zile.

Alipoinua uso, mama yake alikuwa akimtazama kwa upole wa mtu anayemtazama mgeni aliyempendeza.

"Jina lako zuri," alisema Bi Mwanamvua. "Sikudhani. Hawakudhani nini, waliokuita hivyo?"

Sikudhani alilijua jibu. Alizaliwa miaka saba baada ya mafuriko, wakati mama yake alikuwa ameshaamini kwamba hatazaa tena. Lakini alipofungua mdomo aliona jibu lenyewe limeanza kufifia kingo zake, naye akawa anajitazama mikono kama mikono aliyoazimwa.

Akavaa viatu, akaenda Ghalani.

*

Ghala lilikuwa jengo refu lisilo na rafu hata moja. Ndani mlikuwa na mashine zilizopangwa safu, zikipumua hewa baridi, na mbele yake madirisha ya kuhudumia watu. Kwenye dirisha la tano alikaa mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Kibao chake kilisema Kheri.

"Karibu, dada. Umekuja kulalamika au kuuliza? Madirisha ni tofauti."

"Kuuliza. Kitabu cha mama yangu kimekwenda wapi?"

Bwana Kheri aliandika kitu, akasubiri, akasoma. "Hakijaenda popote. Kipo."

"Naweza kukiona?"

"Hapana."

"Nani anaweza kukiona?"

Alifikiri kwa uaminifu. Hakuwa mtu mbaya. "Hakuna."

"Basi kipo kwa nani?"

"Swali hilo lina dirisha lake," alisema Bwana Kheri taratibu, "ila dirisha lenyewe halijajengwa." Akajikuna shingo. "Dada, nikueleze kama jirani. Wewe hukuwa na kitabu. Ulikuwa na ruhusa ya kukitazama. Aliyekuwa akikichapisha alifunga kazi, mkataba ukaisha, na hakuna wa kutia sahihi upya."

"Mwandishi yupo. Atatia sahihi yeye."

"Anakumbuka kwamba yeye ndiye mwandishi?"

Mashine ziliendelea kupumua.

Sikudhani alipokuwa amesimama pale, aliliwaza jambo ambalo labda alikuwa akiliwaza miaka yote bila kulipa nafasi. Katika lugha ya mji ule, neno kumiliki lilikuwepo, lakini lilikaa mahakamani na kwenye hati za viwanja. Nyumbani watu walisema tu nina. Mimi na. Nina mama. Nina njaa. Nina kitabu. Kuwa na kitu ni kuwa pamoja nacho, kukaa nacho chumba kimoja, kuzeeka nacho. Na ndugu ya nina ni sina, neno dogo, tupu, lenye heshima yake. Anayekupa kitabu chake anakubali kukaa bila kuwa nacho mpaka urudi. Ghala halikuwahi kusema sina hata mara moja. Lilimpa kila mtu na likabaki na kila kitu, kwa hiyo halikumpa mtu yeyote. Je, mtu asiyeweza kukosa anaweza kutoa? Na sisi tuliozungukwa na ruhusa tupu, tuko pamoja na nini? Mimi niko na nani? Mama yangu yuko na nani, kama mtoto wake ameondoka naye hajui kwamba ameondoka?

Akalifungua daftari kwenye ukingo wa dirisha, akaandika, kisha akamsogezea Bwana Kheri. "Nina mawazo matatu. Ni programu, naweza kuziandika mwenyewe. Naomba myasome."

Bwana Kheri aliyasoma kwa kidole. Wazo la kwanza: anayenunua kitabu akipokee chote kama faili, kikae kwake na muhuri wa jina lake, asiweze mtu kukifikia kutoka mbali. Wazo la pili, la maktaba: nakala moja, msomaji mmoja. Kikiwa kwa msomaji, rafu ya maktaba ionyeshe pengo, na wengine wasubiri. Wazo la tatu: programu ya kuchukua maandishi ya mtu yeyote na kuyapanga katika kurasa, ili mchapaji yeyote mdogo, mwenye mashine yoyote, aweze kuyachapa, kuyakunja na kuyashona yawe kitabu.

Alisoma kwa muda mrefu. Jua lilikuwa palepale.

"La kwanza tutalikataa," alisema mwishowe. "La pili hatulielewi. Kwa nini watu wasubiri kitu ambacho kinaweza kuwafikia wote kwa mara moja?"

"Na la tatu?"

"La tatu halituhusu. Karatasi si yetu." Akamrudishia daftari, kisha akainamisha kichwa karibu na kioo cha dirisha. "Humo kitabuni kulikuwa na mtoto. Aliitwa nani?"

"Kidawa."

"Nadhani nilikisoma," alisema Bwana Kheri. "Nina ladha yake."

*

Karatasi si yao. Sikudhani aliyabeba maneno hayo mtaa hadi mtaa mpaka akafika maktaba ya zamani. Rafu zilikuwepo zote, lakini zilikuwa tupu, kwa kuwa maktaba nayo iliwahi kubadilisha vitabu vyake kwa ruhusa, na ruhusa zikaisha. Mkutubi, Bi Mishi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, alikuwa akifuta vumbi kwenye rafu ambazo hazikuwa na kitu.

"Shikamoo, Bi Mishi."

"Marahaba, mwanangu. Ukitafuta kitabu, umepotea njia. Hapa tunatunza nafasi tu."

Sikudhani alimweleza. Bi Mishi hakuuliza lolote. Alikwenda kwenye kabati la mbao, akavuta droo iliyojaa kadi za manjano, akazipitisha vidoleni kwa kasi ya mtu anayehesabu tasbihi.

"Mwaka wa Maji. Nakala tatu. Moja iliraruka. Moja ilipelekwa Ghalani, wakainakili kwenye mashine zao kisha wakaichana." Akaiinua kadi ya mwisho kwenye mwanga. "Ya tatu iliazimwa na Shamte, mchapaji, nyuma ya soko la nguo. Haijarudi. Miaka ishirini na miwili." Akavua miwani. "Mtu huyu nimemlaani kila Jumatatu kwa miaka ishirini na miwili, na leo nataka nimkumbatie. Ngoja nichukue mtandio wangu."

Duka la Shamte lilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya wino. Alichapa kadi za harusi na kalenda. Alikuwa mtu mkavu, mwenye kucha nyeusi, na alipomwona Bi Mishi mlangoni aliweka chini karatasi alizozishika, akasimama kama mwanafunzi.

"Umekuja kukichukua," alisema.

"Unacho?" aliuliza Sikudhani.

Shamte alifungua sanduku la bati chini ya meza. Kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa. "Nilikichapa mimi. Nilikuwa kijana, tulikuwa tukipanga herufi za madini ya risasi kwa mkono, moja moja. Kitabu kizima kilipita vidoleni mwangu. Nakala zikaja kuchukuliwa zote na mimi sikubakiwa hata na moja. Basi nikaenda maktaba nikaazima. Kila wiki nilisema nitarudisha." Hakumtazama Bi Mishi. "Nilishindwa kuachana nacho."

"Ungerudisha, kisingekuwepo," alisema Bi Mishi, na hapo ndipo alipokaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

Sikudhani alikifungua. Herufi zilikuwa zimezama kwenye karatasi, unaweza kuzigusa. Alilitafuta lile neno, mto, na hapo lilikuwa, na baada yake kilifuata kitenzi: mto uliingia ndani bila kubisha. Alisoma akiwa amesimama, na kila alichosoma kilimrudia kwa uzito wake, Kidawa na kicheko chake, Kidawa juu ya meza, maji kwenye kizingiti. Kisha kurasa zikaisha. Mchwa walikuwa wamekula kitita cha mwisho, kurasa kumi na sita, mpaka kwenye mshono.

"Hizo zilizoliwa ninazo hapa," alisema Shamte, akainua mikono yake miwili. "Kichwani sina. Ila nipe kisanduku cha herufi, vidole vitakumbuka."

Na vikakumbuka. Alifumba macho akapanga mstari baada ya mstari, kinyumenyume, kama herufi za risasi zinavyopangwa, huku Sikudhani akiusoma kila mstari kwenye kioo kidogo cha kunyolea na kuuandika. Wao wawili walifanya kazi hiyo katika alasiri moja iliyokataa kwisha. Siku zilizofuata Sikudhani akakaa kwenye kompyuta yake katikati ya kadi za harusi za watu asiowajua, akaandika ile programu ya tatu.

Kazi ya programu ilikuwa kupanga kurasa juu ya karatasi kubwa, ili ikikunjwa mara tatu na kukatwa zije kwa mfuatano wake. Lakini kabla ya kukunjwa hakuna mfuatano. Ukurasa wa kwanza hukaa ubavuni mwa wa kumi na sita, wa tano umegeuka kichwa chini, wa nane na wa tisa zinalala pamoja kama mapacha. Sikudhani aliitandaza karatasi ya majaribio juu ya meza akaona Kidawa akitambaa kwa mara ya kwanza na, upande wake wa kulia, bila hata ukuta katikati, maji. Aliitazama muda mrefu. Labda hivi ndivyo mambo yalivyo, aliwaza, yametandazwa yote kwa pamoja, kuzaliwa kunagusana na kufa, na tunachokiita maisha ni mikunjo tu. Mkono unaokunja ni wa nani? Na je, mtu aliyekunjuliwa, akawa mweupe na mwepesi, una haki gani ya kumkunja tena?

Hapo ndipo alipoisimamisha mashine.

"Vipi?" aliuliza Shamte.

"Mama yangu anaimba siku hizi," alisema Sikudhani. "Asubuhi, akijipikia chai. Hajawahi kuimba tangu nimjue. Analala usingizi mzima. Hajui kwamba alikuwa na mtoto akamkosa. Nikimpelekea kitabu hiki, nitakuwa nimempelekea nini?"

Shamte aliufuta wino vidoleni. Ni Bi Mishi aliyesema, kwa ukali kidogo, "Hiyo unaniuliza mimi au unamwuliza mwenyewe?"

*

Bi Mwanamvua alikuwa dirishani akichambua mchele, akiimba kwa sauti ya chini. Sikudhani alikaa sakafuni mbele yake, kitabu, nakala ya kwanza kutoka kwa Shamte, kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Hakukitoa.

"Mama, kuna kitu chako kimepatikana."

"Nini?"

"Kitabu. Ndani yake kuna jambo la huzuni, na lilikutokea wewe. Sasa hivi hulikumbuka. Ukikisoma, nadhani litarudi, na likirudi mimi sitaweza kukuondolea. Unaweza kukataa. Tutakiweka maktaba, wakisome wengine."

Mama yake aliendelea kuchambua, punje mbaya huku, nzuri kule. Kwa mara ya kwanza siku zile jua lilionekana kusogea ukutani.

"Ni changu kweli?"

"Ni chako."

"Si cha kutazama tu, kisha waje wakichukue?"

"Hakuna wa kukichukua. Labda wewe mwenyewe ukitupe."

"Na hilo jambo la huzuni, nalo ni langu?"

Sikudhani akaitikia kwa kichwa.

"Sasa wewe utanifichiaje kitu changu, mwanangu?" alisema Bi Mwanamvua, bila hasira. Akauweka ungo chini, akapangusa viganja kwenye kanga, akanyoosha mkono. "Nipe. Pa kukiweka nitapajua mwenyewe."

Alikisoma siku nne. Hakutaka kusomewa. Siku ya kwanza alimsifu mwandishi. Siku ya pili hakusifu tena. Siku ya tatu nyimbo ziliisha, na Sikudhani, akiwa jikoni, aliusikia mlio ambao alikuwa akiuogopa, akakimbilia chumbani, akamkuta mama yake amekikumbatia kitabu kifuani na anajitikisa mbele na nyuma. Alimshika. Walikaa hivyo, naye akajilaumu, kisha akaacha kujilaumu, kwa kuwa mkono wa mama yake ulikuwa umemshika kama unavyomshika mtu unayemjua.

"Wewe nilikuita Sikudhani," alisema mama yake, "kwa sababu sikudhani."

Wiki hiyo nakala mia moja zilitoka kwa Shamte zikiwa na joto la mashine. Thelathini zilikwenda maktaba, na Sikudhani akaiwekea maktaba ile programu yake ya pili. Wazo la kwanza lilibaki kwenye daftari. Alilijaribu, likamshinda, akalijaribu tena. Watu wengine walianza kuja kwa Shamte na maandishi yao wenyewe, mmoja na habari za ufugaji wa nyuki, mwingine na barua za marehemu mumewe. Ghala halikusema kitu, kwa kuwa karatasi haikuwa yake, ingawa ilisemekana kwamba dirisha moja jipya lilikuwa likijengwa, na hakuna aliyejua la nini.

Siku moja Bwana Kheri aliingia maktaba, ameshika kofia mkononi, akauliza Mwaka wa Maji.

"Zote zimeazimwa," alisema Bi Mishi.

"Zote?"

"Angalia rafu mwenyewe."

Bwana Kheri aliliangalia pengo. Alilikaribia, akaingiza kiganja ndani yake, akakiacha humo kidogo. "Sasa nafanyaje?"

"Unasubiri."

Akavuta kiti akakaa. Hakuwa amewahi kukisubiri kitabu maishani mwake, na uso wake ulianza kubadilika polepole, kama wa mtu anayesikia njaa kwa mara ya kwanza baada ya ugonjwa.

Jua lilishuka siku hiyo kwa saa yake. Sikudhani alirudi nyumbani akamkuta mama yake mezani, kitabu kimefunguliwa mbele yake, ameshika penseli fupi. Alikuwa akiandika pembeni mwa ukurasa, kwa mwandiko mdogo uliopinda kufuata ukingo. Sikudhani alisimama nyuma yake.

"Unasahihisha, Mama?"

"Naongeza. Kuna kitu sikukiandika wakati ule. Niliona ni kidogo mno."

Sikudhani aliinama akasoma. Mama yake alikuwa ameandika kwamba Kidawa alikuwa akikubali kuvaa kiatu cha kulia, lakini cha kushoto alikikataa kila siku, akikivua na kukirusha mlangoni, na kwamba asubuhi ile ya mafuriko kiatu cha kushoto ndicho kilichopatikana, kikavu, juu ya kabati.

"Kwa nini cha kushoto tu?" aliuliza Sikudhani.

Bi Mwanamvua aliifikiria penseli yake. "Nilimwuliza mara nyingi," alisema. "Alikuwa akicheka tu."